Uzoefu wangu: mashine ya kuangulia mayai 56 katika kiangazi cha Ruai

Nimekaa na mashine hii tangu Januari na nimeangulia mara nne, kwa hivyo naandika nikijua ninachosema. Niseme mapema: inaangua, na sijutii kuinunua. Lakini ile namba ya unyevu inayoonyeshwa kwenye kioo chake ilinidanganya, nikapoteza vifaranga 17 waliokuwa tayari kabisa kutoka. Nikieleza vizuri, pengine mwenzangu wa huku pembezoni mwa Nairobi, Ruai, Utawala, Njiru au Kitengela, hatayapitia yaliyonipata.

Ni mashine ya plastiki kutoka China, juu ya manjano na chini nyeupe. Inageuza mayai yenyewe kila baada ya saa 2, ina feni ndani, na ina nyaya mbili: wa stima ya kawaida na wa kufunga kwenye betri ya gari ya 12V. Nililipa shilingi 13,500 katika duka moja mjini. Muuzaji alinihakikishia, "Mama, hii ukishawasha, wewe lala tu. Vifaranga ndio watakuamsha." Maelekezo yake yalikuwa mafupi: jaza maji mfereji mmoja wa ndani, siku ya 18 jaza na wa pili.

Mayai niliyatoa kwa mfugaji wa Kamulu, ya kuku wa kienyeji walioboreshwa, ile aina ya KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, iliyotoka Naivasha, shilingi 25 kila yai. Nilichagua ya ukubwa wa kati, yasiyozidi siku 5 tangu kutagwa, na sikuyaosha, kwa sababu ukiosha yai unaliondolea utando unaozuia viini vya magonjwa kuingia. Niliyaacha yatulie usiku kucha, upande uliochongoka ukiwa chini, kisha nikayapanga.

Kioo kilisoma joto 37.7 na unyevu 55. Ndivyo inavyotakiwa kwa siku 18 za kwanza, nikatulia. Siku ya 7 nilizima taa nikamulika yai moja moja kwa tochi ya simu. Mazima yalikuwa na mishipa myekundu iliyosambaa kama mizizi ya nyasi, katikati nukta nyeusi inayochezacheza. Mayai 8 yalikuwa meupe tu, hayana mbegu, nikayatoa. Siku ya 14 nikatoa 3 yaliyokufa. Yakabaki 45.

Siku ya 20, saa nne usiku, tukasikia mlio wa kwanza. Watoto hawakulala. Kufikia adhuhuri ya siku ya 21 walikuwa wametoka 17, halafu kila kitu kikasimama. Mayai mengine yalikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya maharagwe, na ndani yake mdomo unafunguka na kufunga, lakini tundu haliongezeki. Kitinda mimba wangu alikuwa ameweka uso kwenye kidirisha cha mashine. "Mama, huyu anapumua. Mtoe."

Nililichukua yai moja nikalisogeza kwenye mwanga. Ule utando wa ndani ambao hutakiwa kuwa mweupe na laini ulikuwa umegeuka rangi ya chai, mkavu kama ganda la kitunguu, umegandamana na manyoya. Kifaranga hawezi kujizungusha humo ili akate ganda. Nililowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu nikaanza kubandua. Wawili niliwatoa salama. Wa tatu alitoka damu, kwa sababu mishipa ilikuwa bado inafanya kazi na kiini hakijaingia tumboni, akafa kiganjani mwangu. Sikugusa mwingine. Nikabaki na vifaranga 19. Kati ya yale 26 yaliyobaki, pamoja na la huyo aliyefia kiganjani, nilipoyapasua, 17 yalikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya na kucha. Nafasi ya hewa kwenye upande butu wa yai ilikuwa imechukua zaidi ya theluthi. Mayai yalikuwa yamekauka.

Nilimpigia mama yangu, yuko Kitui. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Umeyaweka wapi, mwanangu?" Nikamwambia stoo, chini ya mabati. Akasema kwao kiangazi hawalazi kuku kwenye kikapu kilichokauka. Wanachimba kidogo pembeni mwa nyumba, wanaweka udongo wenye unyevu, juu yake nyasi, ndipo kuku anaatamia. Hajawahi kushika kipimaunyevu, na alikuwa ameshaona tatizo langu kabla sijamaliza kueleza.

Yai hupumua. Ganda lina vitundu vidogo maelfu, na katika siku hizo 21 maji hutoka humo kidogo kidogo. Likipoteza kama asilimia 12 au 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18, kifaranga anapata nafasi ya hewa ya kutosha na utando unabaki laini. Likipoteza zaidi, anakwama kama wangu. Nasi tuna mambo mawili yanayotukausha: Januari na Februari mvua huwa chache na upepo wa mchana ni wa vumbi tupu, halafu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huku kwetu ikishuka kidogo, na hewa ya juu ni nyepesi, hutoa maji ndani ya yai haraka kuliko Mombasa. Maelekezo ya muuzaji yangefaa pengine huko Pwani.

Swali likawa, mbona kioo kilisoma 55 muda wote? Nilinunua kipimaunyevu kidogo cha shilingi 600 nikakipima chenyewe kwanza, na jambo hili nawasihi mlifanye hata kama mashine yenu ni ya bei ghali. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya chupa pana inayofunga kabisa, uache saa 8 au usiku mzima. Humo ndani unyevu huwa asilimia 75, chumvi haina mchezo. Changu kilisoma 71, kwa hivyo najua niongeze 4. Kisha nikakiweka ndani ya mashine. Kioo kikasema 55. Kipimo changu, baada ya kuongeza zile 4, kikasema 36.

Nilirudi dukani na picha. Walinisikiliza kwa heshima, lakini walisema kioo hakirekebishwi na warantii ni ya feni na taa ya joto tu. Hapo naona wanunuzi tunaumizwa. Mashine inauzwa kwa namba, na namba yenyewe si ya kweli.

Mzunguko wa pili, mwezi wa pili, nilibadilisha mambo machache. Mashine niliihamisha kutoka stoo ya mabati, ambako mchana ni tanuri na alfajiri ni baridi, nikaiweka kwenye kolido ndani ya nyumba, mbali na jua la dirisha. Ndani ya mifereji niliweka vipande vya sifongo, kwa sababu kinacholeta unyevu ni upana wa maji, wala si kina chake. Mfereji ukiwa umejaa hadi juu bila sifongo hautoi zaidi ya uliojaa nusu. Maji naongeza kwa bomba la sindano kupitia tundu la pembeni, ya uvuguvugu, nisifungue mfuniko. Unyevu ukakaa kati ya 48 na 52 kwa kipimo changu.

Pia nilianza kupima uzito. Nilitia alama ya penseli mayai 10, nikayaweka yote kwenye mizani ya jikoni: gramu 530. Siku ya 18 yalikuwa gramu 467, yaani yamepoteza karibu asilimia 12. Mizani hii naiamini kuliko kipimo chochote, kwa sababu inaniambia yai lenyewe limefanya nini. Siku hiyo ya 18 nilizima mgeuzo, nikaongeza sifongo na kufikisha unyevu 68, nikafunga. Siku 3 za mwisho mfuniko haufunguliwi hata mtoto alie, kwa sababu ukifungua mara moja ule mvuke wote unatoka na utando wa waliokwisha kutoboa unakauka papo hapo. Matundu ya hewa niliyaacha wazi, vifaranga wakati huo wanahitaji hewa sana. Kati ya mayai 48 yaliyofika mwisho, walitoka 41. Nilikaa sakafuni kwenye kolido nikiwahesabu mara mbili.

Mzunguko wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea, niliweka maji kama ya Februari na nikakosea kwa upande wa pili: nafasi ya hewa ilikuwa ndogo, wengine walikufa wakiwa wamelowa. Walitoka 38. Wa Juni, wakati wa baridi, walitoka 43 bila shida.

Stima ilipotea mara tatu. Ile ndefu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na betri ya gari iliyotumika ilitosha. Waya wa 12V ndio sababu kubwa ya kununua mashine ya aina hii. Kama huna betri, funika kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa na usifungue. Saa moja au mbili haziui, hata kuku mwenyewe huinuka kwenda kula.

Kuhusu kulea, mashine ikimaliza kazi yake ndipo yako inaanza. Naacha vifaranga wakauke kabisa ndani kabla ya kuwatoa, kiini kilichoingia tumboni kinawatosha siku 2. Bruda yangu, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, ni bati la duara la fundi wa Kamukunji, halina pembe, maana vifaranga wakipata baridi hujazana kwenye pembe na wa chini hufa. Chini naweka maranda ya mbao, juu yake magazeti kwa siku 3 za kwanza, lakini nayakunjakunja kwanza, gazeti laini linateleza na miguu inapanuka. Joto ni kama 33 wiki ya kwanza, kisha napunguza digrii 3 kila wiki. Siangalii sana kipimajoto. Wakijikusanya chini ya taa wana baridi, wakikimbilia ukingoni midomo wazi wana joto, wakitawanyika na kula ni sawa.

Kiangazi huwakausha hata wakishatoka. Kila mmoja namchovya ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu yenye glukosi kabla hajaona chakula. Vumbi la maranda makavu huwafanya wapige chafya, kwa hivyo nanunua vipande vikubwa, sichukui unga wa mbao. Nawaangalia pia nyuma kila asubuhi wiki ya kwanza, kinyesi kikiganda na kuziba, nakilowesha na kukitoa taratibu.

Chanjo msikose. Mimi natoa ya kideri siku ya 7 na ya Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya vifaranga, siku ya 14, kisha narudia jinsi daktari wa mifugo alivyonipangia. Chanjo ya kunywesha kwenye maji haitaki maji ya bomba yenye klorini, inauawa humo. Natumia maji ya mvua niliyohifadhi kwenye mtungi. Chupa ndogo inatosha ndege 100 na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa 2, kwa hivyo tunachanga majirani watatu, tunachanja asubuhi moja, kila mtu anabeba yake kwenye chupa yenye barafu.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa bei hiyo, na shilingi 600 za kipimo na mizani ya jikoni nikizihesabu ndani ya bei. Kwa mtu anayetaka kuku 10 tu wa nyumbani, mtetea mzuri anayeatamia atakufaa zaidi na hataki tokeni za stima. Wafugaji wakubwa kuliko mimi, wa mayai 200 na kuendelea, watafute mashine ya kabati yenye kipimo kinachorekebishwa.

Leo ni siku ya 16 ya mzunguko wa tano. Yale mayai 10 ya alama yalianza na gramu 541, asubuhi hii yamesoma 485. Sijaongeza maji wala kupunguza. Keshokutwa nazima mgeuzo.