Mofini ya maji: miezi minne na chupa ya mama yangu

Chupa yenyewe ni ya plastiki, ya kawaida, ya nusu lita. Dawa iliyomo haina rangi. Kwenye kibandiko cheupe mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: mofini, miligramu 5 kwa kila mililita 5, chini yake jina la mama na tarehe ya kuchanganywa. Ukiikuta mezani unaweza kudhani ni maji ya kunywa.

Nina duka la dawa muhimu hapa Muheza, huu mwaka wa tisa. Nimeuza panado, diklofenaki na ibuprofeni kwa watu wa kila namna. Hii ya leo, dawa kali ya maumivu, maduka yetu hayaruhusiwi kuiuza, na sikuwahi kuishika mpaka mwaka jana, mama alipoihitaji. Namwandikia mwenye mgonjwa anayeugulia ndani usiku huu, aliyekwisha kuambiwa kwamba hakuna zaidi ya kumpa.

Mama aligunduliwa saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imeshasambaa. Alipigwa mionzi Dar es Salaam, akarudi, tukapata miezi mitano ya heri. Kisha maumivu yakaanza kiunoni, yakashuka nyonga, yakaingia paja la kushoto. Hospitali tuliyoanzia, ambayo sitaitaja, ilimpa panado, halafu tramado ya kapsuli, ameze “akizidiwa”. Wiki saba zikapita hivyo. Kulala chali hawezi, ubavu hawezi. Alilala amekaa, ameegemea gunia la mahindi tulilolisogeza ukutani. Nilipouliza kama hakuna dawa kubwa zaidi, nikajibiwa kwamba ile kali huwekwa akiba ya mwisho, ukiianza mapema itakosa nguvu siku utakapoihitaji kweli. Nikakubali, nikarudi dukani kuwahudumia watu.

Neno lile la akiba si kweli, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Mofini haina kiwango cha juu kama ilivyo panado, ambayo ukipita kipimo chake unaharibu ini. Maumivu yakipanda, daktari anapandisha dozi taratibu, na dawa inaendelea kufanya kazi. Mwaka 2016 madaktari wa Italia walichapisha jaribio la wagonjwa 240 wa saratani wenye maumivu ya wastani, wale ambao kwa desturi huanzishiwa tramado au kodeini kwanza. Waligawanywa kwa kura: kundi moja likapewa hizo dawa hafifu, jingine mofini ya dozi ndogo, kwa siku 28. Waliopata nafuu ya angalau asilimia 20 walikuwa asilimia 88.2 kwenye mofini, na asilimia 57.7 kwenye dawa hafifu. Tofauti ilionekana tangu wiki ya kwanza. Mama alikaa wiki saba kwenye kundi la dawa hafifu bila mtu kumwuliza.

Ile ngazi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1986, panado chini, kodeini katikati, mofini juu, iliwasaidia wengi sana, na sitaki kuibeza. Lakini wako waliogeuza kipandio cha katikati kuwa kizuizi cha njiani. Mwongozo wa shirika hilohilo wa 2018 unaruhusu kuanza na dawa inayolingana na ukali wa maumivu ya huyu aliye mbele yako.

Aliyetutoa huko ni nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Alikuja Jumanne moja, akavua viatu mlangoni, akakataa kiti, akakaa mkekani na mama.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu.”

“Bibi, nionyeshe kwa mkono. Ngumi maana yake huumwi kabisa. Vidole vitano, hayavumiliki. Sasa hivi vingapi?”

Mama aliutazama mkono wake kwanza, kama anahesabu chenji. Akainua vinne. Akanitazama mimi, halafu akakiinua na kidole gumba.

Miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Nami nilikuwa namwuliza “vipi leo, mama?” naye ananijibu “afadhali”, kwa sababu ndivyo mzazi anavyomjibu mwanawe. Baadaye nikasoma kuwa kipimo hicho cha sifuri mpaka tano kimo kwenye dodoso la Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, na utafiti wa kulithibitisha ulichapishwa mwaka 2010. Limetengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa huku kwetu, na asiyejua kusoma analijibu bila taabu. Na mwaka 2020 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kilipoandika upya maana ya neno maumivu, kiliweka wazi kwamba mtu akieleza anavyoumwa, maelezo yake yaheshimiwe. Nesi yule alilifanya hilo kwa sekunde kumi.

Sasa dawa yenyewe. Daktari alianza na mililita 5. Tulipewa bomba dogo lisilo na sindano, na karatasi yenye nyakati: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja ili asiamshwe saa nane za usiku. Haisubiri mtu aumwe. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, maana nguvu ya dozi moja hukaa kwa muda wa saa nne hivi, na inayofuata inatakiwa iingie kabla maumivu hayajasimama tena. Ile “akizidiwa” ya mwanzo ilimfanya kila mara aanze kupanda mlima kutoka chini.

Ni chungu kama shubiri. Mama alifuatishia kipande cha chungwa. Muheza chungwa halikosi. Niliegemeza bomba ndani ya shavu lake, nikasukuma polepole, akakunja uso, akadai chungwa lake. Dozi ya kwanza ilikuwa saa nane mchana. Ilipokaribia saa tisa nikamwuliza, akaonyesha vidole vitatu. Kufika kesho yake jioni vilikuwa viwili. Usiku wa pili niliamka nikasikia kimya, nikaogopa. Nikaenda na tochi ya simu. Alikuwa amelala ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, anakoroma. Gunia la mahindi liko ukutani peke yake. Nilikaa pale mlangoni mpaka adhana ya alfajiri.

Maneno yalikuja, na najua yatakuja kwenu pia. Mama mkubwa, dada yake, alinivuta uani: “Mwanangu, mnamlevya dada yangu. Mateja tumewaona Tanga hii.” Sikumlaumu, hofu hiyo nilikuwa nayo mimi mwenyewe niliyesomea dawa. Nesi alimkalisha akamweleza kwa upole kuwa mwili huizoea dawa, ndiyo maana haikatishwi ghafla, lakini teja ni mtu anayeikimbilia dawa ingawa inambomolea maisha. Mama dawa ilimrudishia maisha. Alirudi kusuka ukili. Aliomba kupelekwa msibani kwa jirani, akaenda. Hakuna siku aliyodai dozi kabla ya wakati, na mara mbili alinizuia mimi: “Saa bado, mwanangu.” Hofu ya pili, kwamba mofini inamwahisha mgonjwa kaburini, nayo haina msingi ikiwa inapandishwa kwa utaratibu na mtu anayejua.

Kasoro zipo, na nazisema zote.

Inafunga choo. Usingizi na kichefuchefu vilimsumbua siku tatu za kwanza vikaisha, ila choo hakizoei kamwe. Sisi tulipewa bisakodili, dawa ya kufungua choo, tangu mwanzo, nami kwa ujuaji wangu nikaona nisubiri kwanza. Siku ya tano tumbo limejaa, anaumwa kuliko paja. Anzeni na dawa ya choo siku ileile mnayoanza mofini.

Haimalizi kila aina ya maumivu. Kiuno kilitulia, lakini pajani kulibaki kitu alichokiita “pilipili inayotembea”, kinawaka kikikatika. Hayo ni maumivu ya mshipa wa fahamu uliobanwa, na mofini peke yake huyafikia kwa shida. Aliongezewa amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25 kila usiku. Ni dawa ya zamani ya sonona, na imesaidia wengi wenye maumivu ya namna hiyo. Baada ya wiki moja hivi pilipili ikapungua. Haikuisha.

Tena mofini hutolewa mwilini kupitia figo. Saratani hii huweza kubana mirija ya mkojo, na mwezi wa nne mama akaanza kusinzia mchana na mikono ikawa inashtuka yenyewe. Ningekuwa peke yangu ningesema ni ugonjwa umezidi. Nesi aliitambua palepale kuwa mabaki ya dawa yanarundikana, akampigia daktari, dozi ikapunguzwa na muda ukarefushwa kuwa kila saa sita. Akaamka, akatujua, akamwita kila mjukuu kwa jina. Kwa hiyo mtu asikuuzie chupa hii bila mfuatiliaji. Na asikuazime chupa ya jirani: dozi ya mama huenda ikamuua mtu ambaye hajaizoea.

Halafu rangi. Uganda, ambako Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa, shirika la tiba shufaa, mwaka 1993, unga wa mofini unachanganywa na maji kisha inatiwa rangi: ya kijani ni hii ya miligramu 5, nyekundu ni ya 50 kwa kipimo hichohicho. Hata asiyesoma anajua ameshika ipi. Yetu ilikuwa kama maji, na nyumbani kuna watoto wanne. Niliifungia kwenye kabati la vyombo, ufunguo shingoni. Waganda pia tangu mwaka 2004 wanawaruhusu manesi waliosomea tiba shufaa kuiandika dawa hii. Nesi wetu alilazimika kila mara kumtafuta daktari kwa simu, na Jumapili moja simu haikupokelewa mpaka jioni. Mama alionyesha vidole vinne siku nzima.

Na upatikanaji, jamani. Mara mbili tuliambiwa imekwisha, nikapanda Coaster mpaka Tanga mjini kuifuata, na safari ya pili nikarudi mikono mitupu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 ilikadiria kuwa dunia inasambaza takriban tani 299 za dawa za jamii ya mofini kwa mwaka, na nchi maskini kabisa kwa jumla zinapata tani 0.1. Unga wenyewe ni rahisi. Kinachokwama ni vibali, uagizaji, na woga wa watu wazima wenye vyeti. Nikipima kwa nyota tano, hapo ndipo ninapokata moja. Dawa ningeipa tano. Huduma kwa ujumla naipa nne, na zote nne wamezipata waliotoka kuja kukaa mkekani.

Maana kuna kitu ambacho chupa haikukiweza. Wiki fulani dozi ilipandishwa na vidole havikushuka. Nesi badala ya kuongeza tena akauliza, “Bibi, kuna kinachokusumbua moyoni?” Mama akalia. Ilikuwa shamba la michungwa. Aliahidi sehemu kwa mdogo wetu wa mwisho na hakuna karatasi. Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji na kaka zangu, ikaandikwa, wakatia saini sebuleni. Usiku ule alilala kwa dozi ya zamani. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya tiba shufaa) ya St Christopher’s London mwaka 1967, aliyaita haya maumivu kamili: ya mwili, ya akili, ya jamaa zake na ya roho, yote kwa pamoja.

Alifariki Alhamisi, baada ya saa nne asubuhi, ameshapata dozi na chungwa lake. Mkono ulikuwa umelegea, haukukunjwa wala kunyooshwa.

Baada ya arobaini nilirudisha chupa. Nesi akamimina kilichobaki kwenye kikombe cha kupimia, mililita 85, akaandika kwenye daftari, akanigeuzia nisaini. Bomba nilimwuliza kama naweza kubaki nalo. Akaliosha, akalikausha kwa pamba, akanipa.