Mkopo wa mfuko wa jamii uliomtibu ng'ombe wangu, Ipuli, Tabora

Shukuru ni ng'ombe wangu chotara, amezaa mara mbili. Kabla hajaugua alikuwa akitoa lita nane kwa siku, tano asubuhi na tatu jioni, na maziwa hayo ndiyo yanayolipa ada za watoto na hisa zangu za kila Jumamosi kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Jumanne moja ya mwezi wa pili aligoma kula. Jioni nikampapasa chini ya sikio, nikakuta tezi imevimba kama yai la kuku. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Daktari wa mifugo alifika kesho yake alfajiri kwa pikipiki. Kipimajoto kikasoma nyuzi 41.2. Akamzungushia utepe kifuani kukadiria uzito, maana dawa ile huchomwa mililita moja kwa kila kilo 20, kisha akaniandikia hesabu palepale bandani: chupa mbili za dawa ya ndigana 110,000, antibayotiki 15,000, dawa ya kupunguza maji mapafuni 20,000, ziara zake mbili 40,000. Jumla 185,000. Mimi nilikuwa na 40,000. "Mama, ukiwahi atapona," akaniambia. "Akishaanza kutoa povu puani, hata ukiuza kiwanja hutamwokoa."

Naandika kwa ajili ya mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili atakayesimama bandani na karatasi kama ile mkononi.

Kwanza, usikimbilie mikopo ya simu ya watu usiowajua. Mwaka 2024 ndama wa kwanza wa Shukuru alipougua nilikopa 50,000 kwenye programu moja. Zikaingia 37,000, nyingine wakasema ni gharama. Baada ya siku saba walidai 58,000, na nilipochelewa siku mbili wakamtumia ujumbe mama mkwe wangu kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Ndama alikufa na deni likabaki. Mwezi Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ilifungia programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Tunaoziita kausha damu hatukushangaa.

Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ni mizuri, haina riba, ila ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hutolewa kwa miradi. Ina maombi, uhakiki na vikao. Ng'ombe mwenye nyuzi 41 hasubiri kikao.

Kwa hiyo nikaenda kwa mwekahazina wa kikundi chetu cha hisa kabla jua halijachomoza vizuri. "Mwangaluka, mayo," akanipokea, akaona uso wangu, akavuta kigoda. Tuko wanachama 25, na pamoja na hisa kila mmoja huweka 1,000 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii, yaani pesa ya kusaidiana wakati wa shida. Tatizo ni kwamba katiba yetu ilitaja ugonjwa, msiba na nyumba kuungua. Ng'ombe hakuwemo. Viongozi wakaitana chini ya mwembe saa tatu. Mama mmoja akasema wazi, "Leo ng'ombe, kesho kuku, keshokutwa tutatibu paka." Hakuwa na ubaya, ile ni pesa ya watu. Katibu akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wangu, muhuri baada ya muhuri, akasema tangu ng'ombe huyu azae mimi sijakosa Jumamosi hata moja, na akifa nitakosa zote. Wakaniidhinishia 100,000 bila riba, miezi mitatu, wadhamini wawili.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya huduma hii. Sanduku la pesa la kikundi lina kufuli tatu, na funguo ziko nyumba tatu tofauti. Mshika funguo wa tatu alikuwa shambani upande wa Uyui, ikabidi afuatwe kwa boda kwa nauli niliyoazima kwa jirani. Kufuli lenyewe lilikuwa limeshika kutu, likapakwa mafuta ya taa ndipo likaachia. Pesa niliishika saa saba mchana. Saa nne nzima zilipotea, na mnyama anahema kwa shida. Kikundi chochote kinachosoma hapa, wekeni mshika funguo wa akiba.

Zilibaki 45,000. Hizo alinibeba mwenye duka la dawa za mifugo ninakonunua pumba na chumvi. Alidai kwanza cheti cha daktari, jambo ninalomsifu, akaandika deni kwenye kauntabuku, akaniuliza daktari ameruhusu maziwa yauzwe lini. Nilikuwa nimekatazwa siku saba kwa sababu ya dawa. Akasema, "Basi dada, anza kunilipa wiki ya pili." Siku hizo saba nilikamua asubuhi na jioni nikamwaga yote shimoni, na ningekuwa na mkopo wa kurudisha ndani ya wiki, sijui ningeyamwaga kwa moyo gani.

Siku ya nne Shukuru alilamba pumba mkononi mwangu. Sasa amerudi lita sita. Duka nimeshamaliza, kikundi nadaiwa 35,000.

Jumamosi iliyofuata mkutano mzima uliongeza mifugo kwenye katiba: mwisho 100,000, na lazima cheti cha daktari. Yule mama wa paka ndiye aliyedai cheti, na alikuwa sahihi. Sasa tunachangishana chanjo ya ndigana kali. Mnyama huchanjwa mara moja tu maishani, lakini dozi huandaliwa nyingi kwa pamoja, hivyo mwenye ng'ombe mmoja peke yake hawezi kumwita mchanjaji. Tumehesabu ng'ombe 14 kwa wanachama wote. Wa kwanza kwenye orodha ni ndama mpya wa Shukuru.