Dagaa wa karanga wa Kirumba: sahani isiyopungukiwa kitu

Ukitoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kuna banda la mabati la mama lishe lisilo na kibao wala jina. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Ilemela, na chakula cha mchana nakula hapo. Agiza ugali wa dona, dagaa wa karanga na kibakuli cha maharage. Shilingi 2,500.

Mpishi wa kweli utamjulia kwenye dagaa. Wengi wanapika wale walioanikwa mchangani, kila tonge linakwaruza meno. Huyu mama ananunua wa chanja tu. Anawaosha kwa maji ya vuguvugu, anawakaanga bila mafuta mpaka shombo iishe, ndipo vitunguu na nyanya vinaingia, na mwisho karanga za kusaga alizozikoroga pembeni. Mchuzi unakuwa mzito, unashika tonge. Kichwa na miiba unatafuna vyote.

Sato wake wa kukaanga ni mtamu sana, lakini nafasi ya kwanza naipa sahani hii, na sababu ninayo. Protini za miili yetu hujengwa kwa asidi amino 20. Kati ya hizo, 11 mwili unazitengeneza wenyewe. Kwa mfano, seli zinachukua kipande kinachobaki sukari ikivunjwa, zinakitia naitrojeni iliyotoka kwenye asidi amino nyingine, na hapo alanini imepatikana. Kazi hiyo inahitaji vitamini B6, nayo samaki wanayo. Tirosini, nayo moja ya hizo 11, inatoka kwa asidi amino nyingine, fenilalanini. Zile 9 nyingine mwili hauwezi kuziunda, lazima ziliwe. Ikipungua hata moja kwa muda mrefu, mwili unaanza kuivunja misuli yake wenyewe ili kuipata.

Kati ya hizo 9, mahindi yana lisini na triptofani kidogo. Maharage yana lisini tele ila methionini haba, na hapo mahindi yanayasaidia. Dagaa wanazo zote 9. Kwa hiyo mama anaponiuliza, "Mwalimu, leo na maharage?" jibu langu ni ndiyo siku zote, na natamani kila mtoto wa shule yangu angepata sahani kama hii kila siku.

Meza ya nyuma hukaa vijana wa gym na makopo yao ya unga wa asidi amino, ghali kweli kweli. Nawaambia wazi kwamba mwili hauna ghala la kuziweka. Zikizidi, ini linaitoa naitrojeni na kuigeuza yurea, figo zinaipeleka kwenye mkojo, na kilichobaki kinachomwa kuwa nguvu au kinageuzwa mafuta. Mtu mzima wa kilo 70 anatosheka na gramu 56 hivi za protini kwa siku. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi, sawa, basi aongeze dagaa.

Kasoro zipo. Mabenchi hayatoshi, moshi wa mkaa unawafuata wanaokaa upande wa mlangoni, na mchicha unaiva kupita kiasi mpaka unapoteza rangi. Kunawa mikono ni vizuri, maji ya moto na sabuni vipo muda wote.

Fika kabla ya saa saba, maana baada ya hapo dagaa wanakuwa wameisha na utaambiwa kuna nyama tu. Omba ndimu. Pilipili ya kuponda onja kwanza, ni kali.