Draiva Ipi ya Geti Ununue kwa Maikrokontrola ya Volti 3.3

Fundi wa Mtwara au Lindi anayetengeneza kidhibiti cha pampu ya sola hana nafasi ya kubahatisha, kwa kuwa draiva ya geti (chipu inayopokea ishara ya maikrokontrola na kuiwashia mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki) aliyoiagiza Kariakoo humfikia kwa basi, na ikiwa si yenyewe, kazi ya mteja husimama hadi mzigo mwingine ufike.

Kabla ya kuuliza bei, linganisha namba mbili za majedwali ya data (datasheet) ya watengenezaji: volti ya chini kabisa ambayo pini ya maikrokontrola imehakikishiwa kutoa inapokuwa juu, yaani inapotuma ishara ya kuwasha, na volti ambayo draiva inahitaji ili iihesabu kuwa juu, yaani kizingiti chake. Maikrokontrola ya ESP32 inayotumia volti 3.3 imehakikishiwa asilimia 80 tu, yaani volti 2.64, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia hesabu, wala si ile 3.3 unayoiona kwenye mita siku ya majaribio.

Kwa pampu inayoendeshwa na mosfeti moja upande wa chini, yaani kati ya pampu na ardhi, naiweka UCC27524 ya kwanza. Kizingiti chake hakizidi volti 2.3 hata ukiilisha volti 12, na hutoa hadi ampea 5 kwa mpigo. TC4427 inaifuata kwa karibu: inahitaji volti 2.4, hivyo akiba iliyobaki ni volti 0.24 tu, lakini ipo ya miguu minane ya kuchomeka kwenye soketi, jambo ninalolithamini sana kwa kifaa kitakachotengenezwa shambani. Iwekee rizista ya kiloomu 10 kati ya ingizo na ardhi, ili mosfeti isijiwashe wakati ESP32 inaamka.

Ya tatu ni IR2104, inayofaa anayehitaji mosfeti mbili, ya juu na ya chini. Jedwali lake linadai volti 3, kwa hiyo Arduino Uno ya volti 5 inaiendesha bila shida, ilhali ESP32 inaweza kuiwasha mezani pasipo uhakika wowote. Weka kati ya ESP32 na IR2104 bafa (chipu ya kupokezana ishara) ya 74HCT125 iliyolishwa volti 5, ambayo hutosheka na volti 2. Soma herufi zote unapoagiza: mimi niliwahi kupokea 74HC, isiyo na T, inayotaka takriban volti 3.5, nikapoteza wiki nzima. Vibao vya kupandisha volti vyenye mosfeti ndogo ya BSS138 na rizista za kiloomu 10 sivipendekezi, kwa sababu hupanda polepole mno kwa PWM (kuwasha na kuzima kwa haraka ili kudhibiti nguvu) ya kasi.

IR2110 naiweka mwisho, ingawa ni draiva imara, kwa kuwa kizingiti chake hufuata pini ya VDD, inayolisha sehemu ya kupokea ishara: ukiiunganisha na volti 15 pamoja na VCC, pini inayolisha sehemu ya kuendesha mosfeti, itadai volti 9.5, ambazo hata Uno haiwezi kuzitoa. Aliyekwisha kuinunua ailishe VDD volti zilezile za maikrokontrola yake.