Kufungia faili la mikopo Marekani: huduma ya bure inayopaswa kutangulia zile za kulipia

Kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani, huduma ninayoipa nafasi ya kwanza dhidi ya wizi wa utambulisho ni kulifungia faili lako la mikopo, yaani kumbukumbu ya jinsi unavyokopa na kulipa, katika kampuni zote 3 kubwa zinazotunza kumbukumbu hizo, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Faili likishafungwa, mwizi aliyepata jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na namba yako ya Social Security (namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani) akaenda kuomba kadi au gari la mkopo, mkopeshaji huyo mpya hawezi kuliona faili, na kwa kawaida hatoi mkopo asioweza kuupima.

Tangu Septemba 21, 2018, kufunga na kufungua ni bure kwa sheria ya nchi nzima, nayo alama zako za mikopo, yaani namba inayowaonyesha wakopeshaji jinsi unavyoaminika kulipa, haziguswi. Ukiomba kwa intaneti au kwa simu, kampuni inapaswa kufunga ndani ya siku moja ya kazi, na siku unapotafuta nyumba ya kupanga au mkopo wa gari, inapaswa kukufungulia ndani ya saa moja.

Ugumu uko kwenye uthibitisho, na hapa wageni huumia zaidi. Kila kampuni huendewa peke yake, na ukurasa waweza kukuuliza ni ipi kati ya anwani kadhaa uliwahi kuishi. Familia ya wakimbizi iliyoanza maisha kwa kuhamahama, ikapokea barua kwa mwenyeji, jina la babu likaandikwa mahali pa jina la ukoo, na watu kadhaa nyumbani wakapewa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, inaweza kukataliwa na mtambo ingawa imesema kweli tupu. Ikitokea hivyo, usikate tamaa: tuma ombi kwa posta pamoja na nakala ya kitambulisho na bili yenye anwani yako, na uandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security. Ombi la posta hushughulikiwa ndani ya siku 3 za kazi baada ya kupokelewa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba mzazi anaweza kumfungia mtoto aliye chini ya miaka 16. Deni lililochukuliwa kwa namba ya mtoto linaweza kukaa miaka bila kugunduliwa, mpaka kijana aombe mkopo wake wa kwanza.

Huduma hii haizuii mtu kutumia kadi uliyo nayo tayari, wala kujaza kodi kwa jina lako. Kwa hilo la kodi, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hutoa namba ya siri ya tarakimu 6 kila mwaka. Aliyekwisha kuibiwa aanzie IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali inayomtengenezea ripoti ya wizi huo. Akiipeleka pamoja na uthibitisho wake, kampuni zile 3 zinatakiwa kulizuia deni la wizi lisionekane kwenye faili lake ndani ya siku 4 za kazi.

Kuhusu vifurushi vya ulinzi vya kulipia kila mwezi, sivipendekezi kwa mtu ambaye bado hajafunga mafaili yake. Ripoti zako za mikopo, yaani yaliyomo kwenye mafaili hayo, unaweza kuzisoma bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com.