TAHADHARI: muuzaji wa vidonge na sindano za kupunguza mwili, someni kabla hamjatuma hela

Jamani naomba mnisikilize kwenye hili, na kama una dada, shemeji, mama, rafiki, yeyote anayehangaika na uzito wake mtumie na yeye asome, maana nimekaa nalo wiki mbili moyoni ndo leo nimepata nguvu ya kuliandika.

Kuna muuzaji ana ukurasa wa dawa za kupunguza mwili, wafuasi kibao, picha za kabla na baada zimejaa, kavaa koti jeupe anajiita daktari ila ukimuuliza kasajiliwa wapi anakujibu na emoji ya moyo. Jina simtaji kwa sababu tangu nianze kumfuatilia ameshabadilisha jina la ukurasa mara mbili, nikitaja moja mtaona mko salama kwa mengine kumbe ni yule yule. Bora niwaeleze anavyofanya kazi ili mumjue hata akija na jina jipya.

Mdogo wangu alinunua kwake mara mbili. Mara ya kwanza vidonge, "mitishamba asilia mia kwa mia, havina madhara". Mi chupa niliishika mwenyewe. Nyeupe, kifuniko cha kijani, mbele wamechora majani mazuri, nyuma hakuna kitu, yaani hamna jina la kiwanda, hamna namba ya toleo, hamna hata jina la huo mti wenyewe, tarehe ya kuisha imeandikwa kwa kalamu ya wino na ukipitisha kidole inafutika. Siku ya pili njaa ikakata kabisa, akafurahi sana. Siku ya tano usiku nasikia anatembea tembea sebuleni, naenda namkuta amekaa chini macho makavu, mdomo umemkauka, ananiambia hajalala tangu juzi, nikamshika mkono mapigo yanaenda mbio utadhani kapanda mlima na hajafanya lolote. Alikuwa ameshamwandikia yule muuzaji, meseji nimeiona: "Usiogope mpenzi hiyo ni sumu inatoka mwilini, ongeza maji, usiache dozi."

Sumu inatoka! Hilo neno likariri, maana kila dalili mbaya utakayomwambia jibu lake ndo hilo. Moyo unaenda mbio, sumu inatoka. Kichwa kinapasuka, sumu inatoka. Mtu anaambiwa aendelee kumeza kitu ambacho mwili wake unakikataa.

Hospitali presha ilikuwa juu, yeye hajawahi kuwa na presha maisha yake yote. Daktari alivyosikia "mitishamba" alafu akasikia njaa imekata ndani ya siku mbili, akatuambia kuna dawa moja inaitwa sibutramini. Hii ilikuwa dawa halali kabisa, ikiuzwa Marekani kwa jina la Meridia na nchi nyingi kwa jina la Reductil, inakata hamu ya kula. Baadae ukafanyika utafiti mkubwa kwa watu karibu 10,000 wenye matatizo ya moyo au kisukari, wakakuta waliopewa hiyo dawa wanapata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya, na mwaka huo huo Marekani. Lakini unga wake haukupotea duniani, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka baada ya mwaka wanapima vidonge, chai na kahawa za kupunguza mwili zilizoandikwa mitishamba na wanaikuta humo ndani, haijaandikwa popote. Sisemi ndo aliyokunywa mdogo wangu, ile chupa haikupimwa maabara na sitaki kudanganya. Ila dalili zilikuwa zile zile, kinywa kukauka, kukosa usingizi, moyo mbio, presha kupanda. Akaacha, baada ya siku chache akatulia.

Nikadhani yameisha.

Miezi michache mbele yule muuzaji akaja na sindano. Na hapa ndo wengi wananaswa, kwa sababu sindano zenyewe ni kitu cha kweli. Dawa inayoitwa semaglutidi ipo, kwa jina la Ozempic iliidhinishwa Marekani 2017 kwa ajili ya kisukari, na 2021 ikaja Wegovy kwa ajili ya unene. Inaiga homoni ya utumbo, inachelewesha chakula kutoka tumboni na inaambia ubongo umeshiba. Inafanya kazi, sibishi, na kuna wagonjwa imewasaidia sana. Shida ni kwamba huyu muuzaji anaazima sifa za dawa ya kweli anazibandika kwenye kichupa chake ambacho hakuna anayejua kina nini.

Niwaeleze hicho kichupa. Cha kioo, kidogo kama ncha ya kidole gumba, chini kuna unga mweupe umeganda kama chaki, pembeni kikaja kichupa kingine cha maji na sindano ndogo za insulini kwenye mfuko wa nailoni. Vyote vimesafiri siku kadhaa kwenye bahasha ya kawaida wakati dawa yenyewe halisi kabla haijaanza kutumika inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Na kwenye kichupa, kwa maandishi madogo kabisa, imeandikwa ni kwa ajili ya utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Mdogo wangu alimuuliza, akajibiwa "hayo maneno ni ya kupitishia mzigo tu dia". Yaani mtengenezaji mwenyewe amekwambia usijichome, alafu muuzaji anakwambia puuzia.

Maelekezo yalikuja kwa voisi ya sekunde ishirini. "Changanya na maji, vuta mpaka kumi, choma tumboni kila wiki." Basi. Maji kiasi gani? Hajasema. Na hapa naomba mnifuate taratibu maana hapa ndo watu wanaumia. Zile namba kwenye sindano ya insulini sio miligramu, ni uniti, na uniti 100 ni mililita moja ya maji. Sasa chukulia kichupa kweli kina miligramu 5. Ukiweka maji mililita 2, ukivuta mpaka kumi umepata miligramu 0.25. Ukiweka mililita 1, hiyo hiyo kumi ni 0.5. Ukiweka nusu mililita, ni miligramu 1 nzima. Kumi ile ile, dozi tatu tofauti! Na hiyo ni kama lebo inasema ukweli, na kama kichupa cha leo kiko sawa na cha wiki ijayo.

Dozi halisi ya kuanzia ya semaglutidi ni miligramu 0.25 kwa wiki, unakaa nayo wiki 4, unapanda 0.5 wiki 4, unapanda tena kidogo kidogo, mpaka ufike 2.4 ambayo ndo dozi kamili ya kawaida ya Wegovy zimepita wiki 16. Wanapanda taratibu hivyo ili tumbo lizoee. Mdogo wangu aliweka mililita moja, akachoma kumi kwa wiki mbili, akaona mizani haisogei, akamwandikia muuzaji. Jibu: "Vuta mpaka hamsini, mwili wako ni sugu." Hamsini! Kama lebo ni ya kweli hiyo ni miligramu 2.5, mara kumi ya dozi ya kuanzia, imepita hata ile 2.4 ambayo watu wanaifikia mwezi wa tano.

Alitapika siku mbili. Hata maji hayakai. Siku ya pili jioni alikuwa hawezi kusimama peke yake, midomo imepasuka, anaongea kwa kunong'ona, tukambeba, wakamuwekea dripu. Na wala sio yeye peke yake duniani, Julai 2024 FDA walitoa onyo juu ya semaglutidi za kuchanganywa na wafamasia zinazokuja kwenye vichupa, kwamba kuna watu wamejichoma mara 5 hadi 20 ya dozi waliyotakiwa kwa sababu ya kuchanganya uniti na miligramu, wengine wakalazwa. Hao walikuwa angalau wana wataalamu nyuma yao, sisi tulikuwa na voisi ya sekunde ishirini.

Alafu angalieni na matangazo yake. "Kilo 10 ndani ya mwezi, na haurudi tena." Kwenye utafiti mkubwa wa dawa yenyewe halisi, watu walitumia wiki 68, yaani zaidi ya mwaka, wakapungua kwa wastani kama asilimia 15 ya uzito wao, na muda wote walikuwa wanapewa ushauri wa chakula na mazoezi. Mwezi wa kwanza uko kwenye 0.25, dozi ya kuzoea tu, haijakusudiwa hata kukupunguza. Sasa hizo kilo 10 za mwezi zinatoka wapi? Na hilo la "haurudi", waliofuatiliwa baada ya kuacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha wastani wa theluthi mbili ya uzito waliopunguza. Hii ni dawa ya muda mrefu, na ukipungua haraka unapoteza na misuli, sio mafuta peke yake. Mambo haya muuzaji hayasemi kwa sababu anataka ununue leo. Hasemi pia habari ya mawe kwenye nyongo, wala kongosho kuvimba, wala kwamba kwa wanawake inatakiwa uache angalau miezi miwili kabla ya kubeba mimba, wala onyo la saratani ya tezi ya shingo lililopo kwenye dawa halisi kutokana na walichokiona kwa panya, kwamba kama kwenu kuna historia ya aina fulani ya hiyo saratani usiiguse. Daktari anakuuliza haya kabla hajaandika kitu. Huyu alimuuliza mdogo wangu swali moja tu: "Unataka kichupa kimoja au vitatu?"

Kuna waliosema kwenye inboksi yangu, basi nunua kalamu orijino, ile sindano ya kiwandani yenye dawa tayari ndani, sio unga. Kalamu nazo zinachezewa. Mwaka 2023 Austria watu walilazwa baada ya kutumia Ozempic feki, sukari ilishuka ghafla wakapata degedege, na dalili zilionyesha ndani kulikuwa na insulini. Mtu ambaye hana kisukari ukimchoma insulini unaweza kumuua usingizini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari ya semaglutidi bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama boksi limefika kwa njia za kienyeji, hata liwe zuri vipi, huna namna ya kujua kwa macho.

Na zile picha. Nilichukua picha tatu za kabla na baada nikazitafuta kwenye intaneti kwa picha. Mwanamke wa gauni la zambarau nilimkuta kwenye matangazo ya mkanda wa tumbo, ya chai, na ya programu ya mazoezi, kila sehemu ana jina lingine. Mmoja ana alama nyeusi juu ya kitovu, kwenye kabla iko kulia, kwenye baada iko kushoto, wameigeuza picha wakasahau alama.

Kitu kinaniuma zaidi ni watu wanaomcheka mdogo wangu, eti tamaa. Jamani hapana. Hata madaktari na serikali wamewahi kupita njia hii. Ufaransa dawa moja inaitwa Mediator iliuzwa kuanzia 1976 mpaka 2009, ilisajiliwa kwa wagonjwa wa kisukari lakini wengi waliandikiwa ili wapungue, mpaka daktari mmoja wa mapafu, Irène Frachon, akaanza kuunganisha wagonjwa wenye valvu za moyo (milango ya kupitisha damu) zilizoharibika na hiyo dawa. Kampuni iliyoitengeneza ikatiwa hatiani mahakamani 2021. Marekani dawa nyingine ya kupunguza mwili, fenfluramini, iliondolewa 1997, kwa valvu za moyo pia. Hizo zilikuwa na viwanda vinavyojulikana, lebo, wakaguzi, na bado watu waliumia. Sasa mtu ambaye ana ukurasa na koti jeupe, ukiumia unamshtaki nani?

Mdogo wangu alipomtumia picha akiwa na dripu na kuomba hela yake, ujumbe ulisomwa, tiki mbili za bluu, dakika tano baadae kabloki. Mi nikamwandikia kwa namba nyingine nikijifanya mteja, akanijibu papo hapo kwa bashasha, na safari hii bei imeshuka, "ofa ya mwisho wa mwezi". Nimeripoti ukurasa, nimepeleka skrinshoti na vichupa kwa mamlaka ya dawa. Na wewe kama ulinunua kwake ripoti, hata kama unaona aibu, ripoti bila kuweka picha yako.

Na kama hivi sasa unacho kichupa cha unga au kalamu ya namna hii ndani, usijichome tena na usikitupe. Kama umeshachoma ukaanza kutetemeka, jasho jembamba, kuchanganyikiwa, na bado unaweza kumeza, kunywa kitu cha sukari hapo hapo alafu nenda hospitali. Kama unatapika hata maji hayakai, au tumbo linauma kali mpaka mgongoni, usisubiri asubuhi. Nenda na kichupa mkononi, nenda na ile voisi kwenye simu, na mwambie daktari ukweli wote ulichoma nini na mara ngapi, mdogo wangu alificha ile ya hamsini kwa saa nzima na kwa saa hiyo nzima walikuwa wanatafuta ugonjwa ambao haupo.