Podikasti ya waandishi au kitabu cha kusikiliza?

Kitabu cha kusikiliza kinataka subira. Riwaya ya kurasa 300 hivi huchukua saa 8 hadi 10, na mazungumzo na mwandishi, kama yapo, mara nyingi huwekwa mwishoni. Hapo ndipo yanaponoga: umeshajua nani alimsaliti nani, kwa hiyo mwandishi akieleza kwa nini alimuua mhusika uliyempenda, unaweza hata kumbishia.

Podikasti nyingi ni za bure na fupi. Ile ya hadithi fupi ya jarida la The New Yorker, iliyoanza 2007, humwalika mwandishi achague hadithi ya mwenzake, aisome, kisha aijadili na mhariri Deborah Treisman. Mimi husubiri pale mgeni anaposita, anavuta pumzi, halafu anabadilisha jibu. Kwenye kitabu cha kusikiliza kusita kwa namna hiyo hukatwa studio.

Kero yangu ni watangazaji wanaomwaga uhondo wote kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Riwaya ambayo sijaisoma, naanza na kitabu. Nikiwa naosha vyombo, podikasti inatosha.